Msomaji wa Barua za Watu

Katika miaka yote niliyomjua, Msomaji alikuwa na kiapo kimoja: hajapata kuongeza neno katika barua ya mtu, wala kulipunguza. "Mie mdomo tu," akisema, "wino si wangu." Mtaa wetu mzima wa Khuwair ya Kusini ulimwamini, mtaa wa Ghubra walimwamini, na baadaye ofisi ya nyaraka ninakofanya kazi ikamwamini kwa maandishi na muhuri. Kwa hiyo, siku tatu kabla ya kufungua maonyesho yetu ya barua mtandaoni, nilipogundua kwamba mstari mmoja aliotusomea haumo kabisa kwenye karatasi, na kwamba mama wa watu ameishi zaidi ya miaka arubaini akiutegemea mstari huo, sikujua nimkasirikie nani. Nilianza na yeye.

Lakini si haki kumleta mtu kwa kosa lake kabla hajajulikana.

Tulimwita Msomaji kwa sababu alisoma. Hakuna zaidi. Usoni tulimwita Bimkubwa, kama tunavyowaita wanawake wote tunaowaogopa kidogo. Wazee wetu walipotoka Unguja kuja hapa Maskati, barua ziliwafuata mikononi mwa wasafiri, na barua zenyewe zilikuwa za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, bila nukta za kutosha, kwa mikono ya watu wenye haraka. Wanawake wengi waliokuwa na Qur'ani kifuani hawakuziweza hati zile. Na sisi tuliozaliwa huku tukawa viroja vya aina yake: Kiarabu tunakisoma bila taabu, Kiswahili tunakisema jikoni tangu utoto, ila vikikutana kwenye karatasi moja tunakodoa macho tu. Kwa hiyo barua ilikwenda kwa Msomaji, kama jino linavyokwenda kwa mganga wa meno.

Alikuwa na taratibu zake. Bahasha inafunguliwa na mwenyewe, si yeye. Mikono inaoshwa. Miwani inafutwa kwa pembe ya mtandio. Kisha anaipitia barua nzima kimya, mwanzo hadi mwisho, na wakati huo hakuna ruhusa hata ya kukohoa. Alisema anauzoea mkono wa mwandishi, maana kila mkono una kilema chake. Baada ya hapo ndipo anasoma kwa sauti. Salamu za barua zile zilikuwa ndefu kuliko khabari zenyewe, na kila aliyetajwa akiwapo chumbani aliitikia, kana kwamba mwandishi amesimama mlangoni na viatu mkononi. Mama yangu aliwahi kuitikia salamu kutoka jikoni, vitumbua vikiungua, kwa sababu Msomaji alikataa kuendelea mpaka salamu ijibiwe.

Majibu pia aliyaandika yeye. Mtu anakaa mbele yake, anasema ya moyoni, naye anaandika ameinamisha kichwa. Sikuwahi kujiuliza anaandika nini. Ungejiuliza kwa nini, kwa mtu aliyekuwa hakubali kumsomea mke barua ya mume bila mke mwenyewe kuwapo?

Simu zilipokuja, kazi yake ilikufa, akabaki na maradhi ya kusoma. Alisoma chochote. Alisoma karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, akawapigia simu majirani kuwatahadharisha na madhara ambayo hawakuwa wameyapata bado. Wengine wakaanza kuyapata siku ileile. Alisoma kitabu cha maelekezo ya kiyoyozi mpaka mwisho, akamsahihisha fundi. Akiwa kwenye gari alisoma mabango yote ya maduka kwa sauti, kuanzia Khuwair mpaka Qurum, na dereva akipita moja kwa kasi alidai arudi nyuma. Ujumbe wa sauti wa simu aliudharau. "Barua ina mwisho," alikuwa akisema. "Hii mtu anaongea mpaka achoke, kisha anakuomba umsamehe kwa kuongea sana, kisha anaongea." Yeye mwenyewe alituma jumbe za dakika saba.

Hakupenda umbea, na hilo ni kweli, maana hakuna siku aliyonisimulia la nyumba ya mtu. Lakini alikuwa na namna ya kukaa arusini akiwatazama watu, na ukimwona amemtazama bwana fulani kisha ametazama chini, ulijua kuna barua.

Ofisi yetu ilimfufua. Nchi jirani zote zilikuwa na maonyesho yao ya mtandaoni: mikataba, ramani, mihuri ya wakubwa. Mkuu wangu aliyapitia moja baada ya jingine, akasema sisi tutaonyesha barua za watu wa kawaida. Watu wa kawaida waliposikia wakaanza kuleta barua za watu wakubwa. Kila nyumba iligundua sanduku. Kila sanduku lilikuwa na babu. Maonyesho ya mtandaoni ni kitu cha ajabu: jengo halipo, mlango haupo, wageni huwaoni, lakini ugomvi wa nani amewekwa mbele na nani nyuma upo vilevile.

Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Familia inaleta barua, sisi tunaisafisha, tunaipiga picha, tunawarudishia pamoja na cheti cha shukrani. Picha inakwenda kwenye ukurasa wake, na chini yake maneno yote ya barua kwa herufi za kisasa, ili mjukuu aliyeko popote asome. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatoa hayo maneno kwenye karatasi. Nikamtaja Msomaji. Akapewa kitambulisho chenye picha yake na neno "mtaalamu", akiwa amepita umri wa miaka sabini. Alikivaa kazini, alikivaa sokoni, na aliwahi kukivaa kwenye arusi moja ya Ghubra juu ya nguo ya hariri, kikining'inia katikati ya dhahabu. Watu walidhani anahusika na ulinzi.

Kwa marehemu hakuwa na huruma. Bwana mmoja wa Qurum alituletea barua iliyotiwa fremu, ambayo ilikuwa imetundikwa sebuleni kwake miaka mingi: barua ya liwali kwa babu yake. Alitaka ukurasa wa kwanza. Msomaji akaipitia kimya, akafuta miwani, akasoma. Liwali alikuwa anamwamuru babu amfunge punda wake, kwa kuwa amekula mara ya tatu mihogo ya jirani. Bwana yule akauliza kama haiwezekani tuandike farasi.

"Punda," alisema Msomaji.

"Lakini Bimkubwa, nani atajua?"

"Mie nnajua. Na yule punda alijua."

Barua ilirudi Qurum ndani ya fremu yake, na nasikia bado imetundikwa.

Ndiyo maana nilimwamini. Na ndiyo maana, macho yake yalipoanza kumwishia kwa presha ya macho, nilikubali anifundishe mimi. Hakuwa mwalimu mpole. Nikikosea herufi alikuwa haniambii kosa, ananiambia jina la mtu niliyemuua. "Umemzika Mwinyi akiwa hai," alisema siku moja. "Rudi ukamtoe." Nilirudi. Kidogokidogo mikono ile migumu ikaanza kunifungukia, nami nikapata kiburi, kiburi cha mwanafunzi, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote.

Sasa niseme habari ya Bi Zuwena wa Ghubra. Bi Zuwena ni mkubwa kuliko Msomaji kwa miaka kama kumi. Alikuja Maskati na mumewe zamani hizo, na aliondoka Unguja mama yake akiwa shamba, bila ya kumuaga. Mama aliporudi mjini alikuta chumba kitupu. Baada ya hapo ikaja barua, na katika barua hiyo, kama wajuavyo wote waliowahi kunywa kahawa nyumbani kwa Bi Zuwena, mama alimwandikia: "Na radhi zangu nimekupa zote, dunia na akhera, uishi nazo huko uliko." Mama akafa, mtoto hakuwahi kurudi, ila radhi anazo. Wewe unayesoma haya unajua uzito wa radhi. Mtu anaweza kukosa mali, akakosa watoto, akakosa kwao; akikosa radhi za mama, amekosa pa kuegemea hapa na huko aendako.

Barua hiyo Bi Zuwena aliihifadhi kwenye mfuko wa msahafu. Binti yake, Nasra, ndiye aliyetuletea, na alikuwa akiwaonyesha wageni kwa kidole mstari wenyewe wa radhi. Mkuu wangu alimsikiliza, macho yakamlowa, akaamua hapohapo: barua hii ndiyo itakayofungua maonyesho.

Msomaji alipoletewa, alisema hakuna haja ya kumchosha mtu. "Hii nnaijua kwa moyo," alisema. "Mie ntasema, weye andika." Alisema, nami nikaandika, salamu kwa salamu, mpaka kwenye radhi. Ofisi nzima iliridhika. Mimi, kwa kiburi changu kile, nikabaki na picha ya barua kwenye skrini siku ya Alhamisi, nikaikuza, nikataka tu kujipima kama naweza kuifuata peke yangu.

Mstari aliokuwa akiuonyesha Nasra kwa wageni ulikuwa unaomba mafuta ya kuchua magoti. Na mstari wa radhi haukuwapo popote. Penye radhi paliandikwa jambo jingine.

Ijumaa baada ya Alasiri nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, haoni tena ila nuru na kivuli, ameshika karatasi ya dawa asiyoweza kuisoma. Nilimwekea magotini ile picha ya barua, niliyoichapa karatasini. Akaipapasa.

"Bimkubwa, mstari wa radhi haumo."

Nilitegemea atakataa. Njia nzima nilikuwa nikijiandaa kubishana.

"Umefika mstari wa kumi na nne?" aliniuliza.

"Nimefika."

"Soma."

Nikasoma: "Na radhi zangu usizihesabu. Nimezifunga mpaka uje uziombe kwa mdomo wako, nami nnakuona."

"Umesoma vizuri," alisema. "Ile khati mbaya sana, lakini umesoma vizuri."

Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Nilimwinulia sauti kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na naona haya mpaka leo. Nilimwambia ukurasa unafunguliwa Jumapili. Nikiweka maneno yake, nimeudanganya ulimwengu kwa jina la ofisi. Nikiweka ya karatasi, Bi Zuwena atajua kwa kusomewa kwenye simu ya mjukuu wake kwamba amezeeka bila radhi za mama. "Na hayo yote," nilisema, "umeniachia mimi."

Aliniacha nimalize. Kisha alisema taratibu:

"Barua ilikuja Nasra ana siku kumi na mbili. Mamake homa haimtoki, maziwa yamekatika, anasikia sauti za watu wa Unguja ukutani. Mie nimeipitia kimya, nimefika pale, nkanyanyua macho, nkamwona. Weye ungemsomea?"

Niliitazama ile picha magotini mwake.

"Nlidhani ni mstari mmoja tu," aliendelea. "Uwongo, mwanangu, hauishi mstari mmoja. Kesho yake akanambia niandike jawabu, amshukuru mama kwa radhi. Ntaandikaje shukrani kwa mtu ambaye hakutoa? Nkaandika kumuomba. Na barua iliyofuata, nkaomba. Kila alichonambia Bi Zuwena niandike nliandika, na chini yake nkaomba, kwa jina lake. Miaka."

Basi yule aliyeapa haongezi neno alikuwa ameongeza barua nzima nzima. Ningecheka kama si sauti yake ilivyokuwa.

"Mama yake alijibu?"

"Mara moja tu, mwisho," alisema, akanyoosha mkono kuelekea mtoto wa meza. Ndani, chini ya vikaratasi vya dawa, palikuwa na bahasha ya manjano, imefungwa bado. Ililetwa na msafiri yuleyule aliyeleta khabari ya kifo. Nyumba ya Bi Zuwena ilikuwa imejaa watu wa matanga, msafiri akamkabidhi Msomaji bahasha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikabidhiwa bahasha zote.

"Nliogopa," alisema. "Yule bibi alikuwa na ulimi. Nkasema si leo, mtu amefiwa. Nlipokwisha kuogopa siku ya kwanza, ya pili ikawa rahisi."

"Sasa tufanyeje?"

"Unaniuliza mie?" Alikuwa tayari anapapasa ukutani kutafuta baibui lake. "Weye una gari. Nipeleke Ghubra. Jumapili yenu isinitangulie."

Njiani hakuuliza bango hata moja limeandikwa nini.

Bi Zuwena alikuwa kitandani, ameegemezwa kwa mito, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, masikio mazima. Nasra alileta kahawa na halua, akafurahi, akadhani tumekuja kwa habari njema za maonyesho. Msomaji hakugusa kikombe. Aliomba asogezwe karibu na kitanda, akasema yote, kwa mpangilio, bila kujitetea. Hata ile homa hakuitaja, niliitaja mimi. Nasra aliketi chini kwenye zulia na birika lake mkononi.

"Kwa hivyo mama hakunipa," alisema Bi Zuwena.

"Hakukupa, dada."

Alitazama dari. Nilitaka kuwa mahali pengine popote, hata ofisini.

"Na hiyo nini?" alisema, ameiona bahasha mkononi mwangu.

Nikampa. Aliifungua mwenyewe kwa kibanio cha nywele, polepole, akatoa karatasi moja, akaigeuza huku na huku, akanirudishia. "Soma weye. Huyu nishamsikia."

Nilianza kimya, kama nilivyofundishwa. Nilipita salamu, nikapita magoti, nikafika. Nikanyanyua macho. Wote watatu walikuwa wamenielekea: mmoja haoni, mmoja amezeeka, mmoja ana birika. Nilielewa wakati ule jinsi ilivyo rahisi. Neno moja tu, hakuna ambaye angejua, na wote tungekunywa kahawa. Nilimpenda Msomaji wakati ule kuliko siku zote, na nikasoma kilichoandikwa.

"Khati zako zote zimenifika. Kila khati unaniomba radhi kwa maneno mazuri yenye adabu. Mwanangu nnamjua. Hajapata kuniomba kitu tangu ana meno ya utotoni, na maneno mazuri hana. Anayeomba ni huyo anayekuandikia. Basi huyo mwambie nimemsikia, na nimechoka kumkatalia. Radhi nimezifungua, nimempa yeye. Na mafuta ya magoti yamekwisha."

Kiyoyozi kiliwaka, kikazima.

"Niliomba kwa jina lako, dada," alisema Msomaji, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Zako hizo. Mie si mtu wa kupewa."

"Kakupa weye," alisema Bi Zuwena. "Mama alikuwa hasemi jambo mara mbili." Akajivuta kwenye mito mpaka ukingoni mwa kitanda, Nasra akainuka kumzuia, mama akamsukuma kando. Aliinyoosha mikono yake miwili mpaka ikaipata ya mwenzake. "Basi zipo kwako. Nimekuja kuziomba. Kwa mdomo wangu huu. Nipe."

Machozi yalimtoka Msomaji kwenye yale macho yaliyokwisha kazi, naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa.

"Nimekupa," alisema.

Bi Zuwena alirudi kwenye mito yake, akapumua, akajifuta uso kwa pembe ya leso. Kisha akanigeukia mimi, mtumishi wa ofisi.

"Sasa wekeni hiyo barua yenu," alisema. "Wekeni zote mbili."